Hasira na Subira za Kinga ya Mwili: Funzo la Kichocho

Matini ya hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema na amani Mtume wake Mtukufu s.a.w., napenda kuwashukuru walioniita niseme juu ya afya. Nimechagua kuzungumzia kinga ya mwili, yaani lile jeshi ambalo Muumba ameliweka ndani ya kila mmoja wetu ili limlinde na maradhi. Lakini sitasema sana juu ya namna linavyopigana, kwani hilo mmekwisha kulisikia mara nyingi. Nitasema zaidi juu ya namna linavyojizuia. Maana jeshi lisilojua kujizuia huteketeza nchi linayoilinda, na jeshi linalojizuia kupita kiasi humwacha adui akakaa nyumbani kama mwenyeji.

Katika maelezo haya yote nataka tuondoke na mambo mawili tu. La kwanza: mwili unapotulia, tusidhani kuwa umepona. La pili: mwili unapowaka, tusidhani kuwa mwenye mwili huo ametenda dhambi. Mfano wetu utakuwa ugonjwa ambao hapana mtu wa Usukumani asiyeujua, nao ni kichocho.

WALINZI NA WAZEE WA WALINZI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi katika sehemu hizi zetu za Usukuma na Unyamwezi, wananchi waliunda jeshi la jadi la sungusungu. Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Walinzi wale walileta usalama. Lakini mnakumbuka pia kwamba pale walipokosa wazee wa kuwatuliza na kuchunguza mashtaka, mtu asiye na hatia aliweza kuumizwa. Ulinzi unahitaji mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya kukamata, na busara ya kuachilia.

Mwili nao uko hivyo hivyo. Chembe nyeupe za damu huzunguka usiku na mchana. Zikikuta mgeni mbaya, hupiga mbiu. Damu hukimbilia mahali pale, ngozi huwa nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hali hii nitaiita mwako. Mwako si ugonjwa wenyewe. Ni vita ya mwili dhidi ya ugonjwa. Mtu akichomwa na mwiba shambani, ule uvimbe wa kidole ni dalili kwamba walinzi wamefika.

Lakini je, walinzi hawa wanajuaje nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Miongoni mwao wamo wanaoitwa seli za T. Hizi hulelewa katika tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Humo huonyeshwa sura za mwili wenyewe. Ile inayotaka kuushambulia mwili wake huuawa kabla haijatoka. Hii ndiyo shule ya kwanza. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kuwa shule hiyo inatosha.

Haikutosha. Baadhi ya seli zenye hasira hutoroka na kuingia katika damu. Basi ni nani anayezizuia huko nje? Mtaalamu wa Japani, Shimon Sakaguchi, alishughulika na swali hili kwa miaka mingi. Ilikuwa imeonekana kuwa panya wakiondolewa tezi ya thaimasi siku ya tatu tu baada ya kuzaliwa, kinga yao haidhoofu kama ilivyotazamiwa, bali hugeuka na kuishambulia miili yao. Yeye akawapa panya wa namna hiyo seli za T kutoka kwa panya wazima, nao wakasalimika. Mwaka 1995 alieleza kundi la seli ambazo kazi yake si kupigana, bali kuwatuliza wapiganaji. Tuziite seli tulizi.

Kwingineko, nchini Marekani, kulikuwa na panya wa maabara waliozaliwa na ngozi yenye magamba na viungo vilivyovimba, wakafa baada ya wiki chache. Walikuwa wamejulikana tangu miaka ya 1940. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua jeni iliyoharibika katika panya hao, inayoitwa Foxp3, na wakaonyesha kwamba watoto wa kiume wenye hitilafu katika jeni hiyo hupatwa na ugonjwa mkali tangu utotoni: kuharisha kusikokoma, kisukari na magonjwa ya ngozi. Baadaye ikajulikana kuwa jeni hiyo ndiyo inayozipa seli tulizi uwezo wake. Mtoto wa namna hiyo hana adui kutoka nje. Amekosa wazee wa walinzi, basi walinzi wamemgeukia. Kwa kazi hii wataalamu hao watatu walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025.

Ndugu zangu, jambo hili si geni kabisa katika elimu ya Waislamu. Tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi, aliyefariki katika karne ya 10 ya Miladia, aliandika makala kueleza kwa nini Abu Zayd al-Balkhi alipatwa na mafua kila majira ya kuchanua mawaridi alipoyanusa. Waridi si adui wa mtu. Leo tunaelewa kuwa hasira ya namna hiyo ni ya mwili kumwona asiye adui kuwa adui.

Na mfano mkubwa wa subira ya mwili ni mimba. Nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba yake, kwa hiyo kwa hesabu ya kinga, mtoto ni nusu mgeni. Mgonjwa aliyewekewa figo ya mtu mwingine, kama ilivyoanza kufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, hana budi kumeza dawa za kutuliza kinga muda wote wa uhai wa figo hiyo, la sivyo mwili utaikataa. Lakini mama hubeba nusu mgeni huyo miezi tisa bila ya dawa yoyote. Seli tulizi ni miongoni mwa sababu za kuvumilia huko. Wenye kujua Kiarabu wanatambua kuwa neno la tumbo la uzazi, rahim, na neno rehema, yametoka katika shina moja.

MGENI ALIYEVAA NGUO ZA MWENYEJI

Sasa tuje kwenye kichocho.

Sehemu zilizo karibu na Ziwa Viktoria hupatikana zaidi kichocho cha tumbo. Huku kwetu, mbali na ziwa, kinachotawala ni kichocho cha mkojo, nacho hufuata malambo, madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humo humtafuta konokono wa maji baridi na kuingia ndani yake, vikazaliana. Kisha hutoka maelfu ya vijidudu vingine vyenye mkia, visivyoonekana kwa urahisi kwa macho. Mtu akiingia majini, kuoga, kuchota, kunywesha ng'ombe, kupanda mpunga, hivyo vijidudu humpenya ngozi kwa dakika chache. Ndani ya mwili hukua wakawa minyoo, dume na jike, wakaishi wawili wawili katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu.

Hapa ndipo penye ajabu. Minyoo hawa hukaa ndani ya damu yenyewe, barabarani mwa walinzi, kwa miaka kadhaa; na wako watu waliohama kabisa nchi zenye ugonjwa, wakakutwa bado wanao baada ya miaka zaidi ya 20. Vipi walinzi hawawakamati? Mnyoo hujivika chembe za mwili wa mwenyeji wake, hata akafanana na wa nyumbani. Zaidi ya hayo, hutoa vitu vinavyoziamsha seli tulizi na kuongeza kemikali za kutuliza, mojawapo ikiitwa interlukini-10. Kwa maneno mengine, huwahonga wazee ili wawaambie vijana walale.

Uhongo huo unaonekana hata katika mambo mengine ya mwili. Utafiti uliofanywa Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa watoto wa shule wenye kichocho cha mkojo hawakuwa wepesi kupatwa na mzio wa vijidudu vya vumbi kama wenzao wasio nacho, na interlukini-10 ilihusika. Huko Entebbe, Uganda, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa kina mama waliopewa dawa ya minyoo wakiwa wajawazito walipata watoto wenye kuugua ukurutu zaidi. Mtu asije akasema: basi minyoo ni neema, tuiache. La hasha! Wataalamu wanataka kujifunza namna mnyoo anavyotuliza mwako, ili ipatikane dawa ya pumu na magonjwa mfano wake. Hakuna hata mmoja wao anayetushauri tufuge minyoo.

YAI NDILO LENYE KESI

Basi kama mnyoo anavumiliwa, madhara yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mayai.

Jike hutaga mayai mengi kila siku. Sehemu hutoka kwa mkojo, lakini nyingi hukwama katika nyama ya kibofu na viungo vya jirani. Yai halina vazi la kujificha kama mnyoo. Hutoa kemikali kali, na walinzi huliona. Basi hulizunguka, safu juu ya safu, wakajenga kijivimbe kama boma la miiba kumzunguka ng'ombe mkali.

Angalieni hekima na hatari ya boma hilo. Hekima yake: huzuia sumu ya yai isienee. Panya wa maabara walionyimwa seli za T, wakaambukizwa kichocho cha tumbo, hawakupata nafuu. Walikufa upesi zaidi, kwa sababu ini lao liliharibiwa na mayai yasiyozungushiwa kitu. Tena, mwako wenyewe ndio unaosaidia kulisukuma yai litoke nje. Huko Kisumu, nchini Kenya, watafiti waliochunguza wanaume waishio kwa kazi za ziwani waliona kuwa wale ambao kinga yao ilikuwa imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI walitoa mayai machache, hali minyoo wanayo. Mayai yalibaki ndani.

Hatari yake ni hii: boma moja si kitu, lakini maboma maelfu kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, huacha makovu. Kibofu hukakamaa. Damu hutoka kwenye mkojo. Mirija ya mkojo huziba na figo huharibika. Mwako usiokwisha huweza hatimaye kuleta saratani ya kibofu. Na tangu mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umekiweka kichocho cha mkojo katika orodha ya mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hivyo, ukitaka kusema sawasawa, mgonjwa wa kichocho haumizwi sana na meno ya mnyoo. Huumizwa na vita ambayo mwili wake hauwezi kuishinda wala kuiacha.

Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, baada ya muda mwili hupunguza ukali wa vita hiyo. Seli tulizi huingia kazini, na vijivimbe vipya huwa vidogo kuliko vya kwanza. Ndiyo maana watu wengi wa vijijini huishi na kichocho bila kulazwa kitandani. Linganisheni na mgeni. Mtu anayetoka nchi isiyo na ugonjwa, akaogelea mara moja tu ziwani, wiki chache baadaye huweza kushikwa na homa kali, kikohozi, vipele na kuumwa mwili mzima. Mwenyeji, ambaye pengine mwili wake ulikwisha kuonjeshwa kichocho tangu tumboni mwa mama yake, ni nadra kupata homa hiyo. Mgeni hukimbizwa hospitali siku ile ile. Mwenyeji hutabasamu na kusema, huku kwetu hii si kitu.

Hapa ndipo tunapokosea. Kuna mahali ambapo mvulana kukojoa damu kulihesabiwa kuwa dalili ya kukua tu. Mwili wa mtoto yule umetulia, lakini damu inapotea, anapungukiwa nguvu, anasinzia darasani, na makovu yanajengeka. Utulivu ule ni subira ya mwili uliochoka, si uzima. Subira ni jambo jema, lakini mwenye subira bado anadai haki yake.

MWAKO SI USHAHIDI WA DHAMBI

Sasa nasema juu ya jambo zito, nami naomba radhi kwa wazee. Lakini hapana haya katika dini pale mtu anapodhulumiwa kwa ujinga wetu.

Mayai ya kichocho cha mkojo hayakwami kwenye kibofu peke yake. Kwa wanawake hukwama pia katika shingo ya kizazi, ukeni na katika mirija ya uzazi. Huko nako walinzi hujenga maboma yao. Mwanamke huona damu nje ya siku zake, au majimaji yenye harufu, au maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mwingine hukosa mtoto, au mimba hutunga nje ya mji wa mimba. Hiki ni kichocho cha sehemu za uzazi. Makadirio yaliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2019 yalisema kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara wanacho.

Angalieni dalili hizo. Zinafanana na zipi? Zinafanana na magonjwa ya zinaa. Basi mke anapomweleza mumewe, huanza maneno. Ulikuwa wapi? Na nani? Akienda zahanati, akatibiwa kwa dhana kuwa ni zinaa, hapati nafuu, kwa kuwa dawa hizo hazimgusi mnyoo. Na kutopona kwake huhesabiwa kuwa ushahidi wa pili dhidi yake. Msichana ambaye hajaguswa na mtu yeyote huweza kuwa na dalili hizo, kwa kuwa tu tangu utotoni alitumwa maji lamboni. Na mwanamume naye huweza kuona damu katika manii kwa sababu hiyo hiyo, lakini ni mara chache sana kusikia kwamba yeye ameulizwa alikuwa wapi.

Sisi Waislamu tumefundishwa nini? Qurani Tukufu imetahadharisha juu ya dhana, na katika Sura An-Nur imeweka sharti la mashahidi wanne kwa amtuhumuye mwanamke mwenye kujihifadhi. Yai la kichocho si shahidi. Uvimbe si shahidi. Damu si shahidi.

Wala hii si mara ya kwanza kwa sehemu zetu hizi kuusoma mwako wa mwili kuwa ni hatia ya nafsi. Katika miaka ya 1980 na 1990, na hata baadaye, bibi vizee wengi wa Usukumani waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na alama waliyohukumiwa nayo ilikuwa macho mekundu. Yale macho yalikuwa mekundu kwa nini? Kwa moshi wa miaka arobaini au hamsini ya kupikia kwa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha, na kwa maradhi ya macho yasiyotibiwa. Walinzi wa mwili walikuwa wanayatetea macho ya bibi yule aliyewapikia wanawe na wajukuu wake, na wekundu wa utetezi ule ukageuzwa kuwa hukumu yake. Jamii iliyopitia msiba huo haina udhuru wa kurudia kosa lile lile kwa binti na wake zake.

Kuna na jambo la ziada la kutisha. Mahali penye mwako hukusanyika seli za kinga, na nyingine kati ya hizo ndizo zinazotafutwa na virusi vya UKIMWI. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba wanawake wenye kichocho cha sehemu za uzazi walikuwa na virusi hivyo mara takribani tatu kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya ukubwa wa hatari hiyo, lakini haja ya kumtibu mwanamke mapema haipingwi na yeyote.

DAWA HUMVUA MNYOO VAZI LAKE

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Hugawiwa shuleni, na wengi mmeona watoto wakipimwa urefu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge. Dawa hii huiharibu ngozi ya mnyoo, na hapo lile vazi la kujificha hupasuka. Walinzi humwona, nao humalizia kazi. Dawa na kinga husaidiana. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa dawa hufanya kazi hafifu pale kinga inapokosekana.

Tena, minyoo wanapokufa, mwili huzisoma sura zao za ndani ambazo zilikuwa zimefichwa. Huko Kisumu, vijana waoshao magari kwa kuingia ziwani walifuatiliwa kwa miaka, wakitibiwa kila walipoambukizwa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kukawia kuambukizwa, ingawa waliendelea kuingia majini kila siku. Kila tiba iliufundisha mwili. Basi asiseme mtu kuwa kumeza dawa kila mwaka ni kazi bure.

Ni kweli kwamba dawa huweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mwenye minyoo mingi au aliyemeza bila kula. Sehemu ya usumbufu huo hutokana na minyoo inayokufa. Mwaka 2008 huko Morogoro, watoto walipopata hali hiyo shuleni, ulienea uvumi kwamba dawa inawaua. Wazazi walizivamia shule, kukawa na ghasia, na ugawaji ukasimamishwa. Uvumi ni mwako wa jamii: huwashwa na cheche ndogo, nao wahitaji wazee wa kuutuliza kwa elimu. Wazee hao ndio ninyi mliokaa hapa.

TUFANYE NINI

Kwanza, tusikojoe wala kujisaidia majini. Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, karne 12 kabla ya Theodor Bilharz kuuona mnyoo huu mjini Cairo mwaka 1851. Lau agizo hilo moja lingeshikwa na watu wote wa kila lambo, kichocho cha mkojo kisingekuwa na njia ya kumfikia konokono. Mwislamu anayetawadha kwa uangalifu kisha akamwacha mwanawe akojoe lamboni, ameshika tawi na kuliacha shina.

Pili, tuangalie maji ya udhu. Anayeingia lamboni kutawadha huwapa vijidudu miguu na mikono yake mara tano kwa siku. Msikiti usio na kisima uweke mapipa mawili yenye mifuniko. Maji yajazwe katika pipa moja na yaachwe siku mbili kamili bila ya kuongezwa mengine, huku pipa la pili likitumika. Vijidudu vya kichocho visipopata mtu hufa ndani ya muda huo. Pipa lisiwe na konokono wala majani ya lamboni, na achotaye maji aingie kidogo iwezekanavyo, avae viatu vya mpira kama anavyo. Maji hayo yamekuwa salama kwa kichocho tu. Ya kunywa lazima bado yachemshwe.

Tatu, watoto wapelekwe siku ya dawa wakiwa wamekula. Na watu wazima wasijitoe: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba, mahali penye ugonjwa mwingi, dawa igawiwe kuanzia umri wa miaka miwili hadi kwa watu wazima, wakiwemo wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza na wanaonyonyesha. Mkulima wa mpunga na mama anayefua lamboni wana haki ya tiba kama mwanafunzi.

Nne, mwanamke mwenye dalili nilizotaja aende hospitali, na amwambie mganga kwa ulimi wake kwamba ameishi penye malambo tangu utotoni, na aulize juu ya kichocho. Mumewe afuatane naye, nao wapimwe wote wawili. Kufuatana naye ni bora kuliko kumwuliza alikuwa wapi.

Tano, yeyote anayesikia katika kijiji chake mwanamke akituhumiwa kwa sababu ya ugonjwa, au bibi kizee kwa sababu ya macho yake, asinyamaze akasema si jambo langu. Katika mwili, seli tulizi zinaponyamaza ndipo walinzi wanapowaua wenyeji.

Ndugu zangu, Sura Ar-Rahman inatukumbusha mizani ambayo Mwenyezi Mungu ameisimamisha, na inatuamuru tusiipunje. Mizani hiyo ipo mbinguni, ipo sokoni, na ipo ndani ya tone la damu. Mwili usiokasirika kamwe huliwa na wadudu, na mwili usiosamehe kamwe hujila wenyewe. Nasi tunatakiwa tuwe hivyo katika kijiji chetu: wakali juu ya maji machafu na uvumi, wapole kwa mgonjwa, na waangalifu kabla ya kutoa hukumu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.